Faili Halionekani

Benchi la mbele ya kibanda cha fotokopi linatazamana na geti la ofisi kubwa, na wanaolikalia ni watu wa aina mbili tu: waliotumwa na ofisi hiyo kutoa nakala, na waliochoka kuambiwa na ofisi hiyo warudi kesho. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, turubai linavuja kona moja, watu wamebanana upande mkavu. Alikuwepo Rufaa, mwalimu mstaafu aliyekwenda mahakamani mara tatu akashindwa mara tatu, na tangu hapo anaongea kama wakili. Alikuwepo Fotokopi, mwenye kibanda, kichwa kikichungulia dirishani. Mama Birika alikuwa akimimina kahawa. Na alikuwepo Mkuu, ndani ya koti la kijivu la wahudumu. Watu hawajaacha kumwita Mkuu, ingawa alishushwa cheo kutoka mkuu wa masjala, chumba cha mafaili ya watumishi wote, akawa mbeba mafaili na chai wa chumba hicho hicho. Miaka minne alidai cheo chake kortini. Mwezi uliopita alishinda.

— Mkuu, leo wamesemaje? Mama Birika alimuuliza.

— Faili halionekani.

— Bado tu?

— Bado.

Hukumu haikuwa na utata. Jaji alisema Mkuu alishushwa cheo kwa kosa la kuvujisha barua bila kupewa hata dakika tano za kujitetea, na arudishwe kwenye nafasi yake. Lakini ofisi hairudishi mtu hewani. Barua ya kumrudisha lazima ipitie kwenye faili lake, na faili lake, tangu hukumu isomwe, halionekani. Zilikuwa zimebaki siku tisa astaafu. Mkuu hakutaka makubwa. Alitaka akalie kile kiti hata siku moja, aondoke kazini na cheo chake, wanawe wasije wakasema baba alimalizia maisha kwenye trei ya chai.

— Hiyo inaitwa pingamizi la awali, alisema Rufaa. Faili liko kwa mwanasheria wao. Wanalikalia mpaka ustaafu, halafu waende kortini na sura za huruma: mheshimiwa jaji, tulikuwa mbioni kumrudisha, umri ndio umetuangusha.

— Mwanasheria wapi! alidakia Fotokopi. Liko kwa mkurugenzi, nyumbani kwake, chini ya godoro. Mimi namjua mtu anayemjua dereva wake.

— Karatasi za miaka thelathini na tano, zikae chini ya godoro?

— Ndiyo maana siku hizi anatembea ameshika kiuno.

Walicheka. Mkuu alijifuta matone ya mvua kwenye koti.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye bahasha ya plastiki alikuwa ametokea getini. Alimpa Fotokopi karatasi zake azitolee nakala, akasimama pale panapovuja. Mama Birika akamsogezea kikombe na kumwonyesha mwisho wa benchi, naye akaketi.

— Hamjui mambo nyie, Rufaa aliendelea, sauti ameishusha. Mkuu alisharudishwa kazini zamani.

— Wee!

— Alisharudishwa. Ila si huyu. Wametafuta mtu mwenye jina kama lake, wamempa kiti, amesaini, kortini wamepeleka karatasi kwamba hukumu imetekelezwa. Huyu tunayemwona hapa, kisheria hayupo.

— Kisheria hayupo, ila kahawa anakunywa, alisema Mama Birika.

— Anakunywa bila kuathiri haki za upande wowote.

— Mnajisumbua, alisema Fotokopi. Wamenunua mashine ya kuchana karatasi, nimeiona kwa macho yangu ikishushwa. Inachana hukumu pamoja na mhuri wake. Mkuu, faili lako sasa hivi limefungashiwa sahani za mtu anayehama nyumba.

Hapo uvumilivu ulimwisha Mkuu.

— Acheni upuuzi! Faili la mtumishi halichanwi wala halilaliwi. Mkaguzi akija akakuta namba haipo, kuna mtu atafukuzwa kazi. Lazima liwemo mle mle, ila asilione mtu.

— Sasa liko wapi?

— Ndani ya faili la marehemu.

Benchi zima likamgeukia.

— Mtumishi akifa, warithi wake wakishamalizana na ofisi, faili lake linahamia rafu ya nyuma. Hakuna anayeliomba tena. Basi likiwepo faili ambalo wakubwa hawataki lionekane, unafungua la marehemu, unalichomeka katikati, unafunga kamba. Wakubwa wenyewe wanasema limepumzishwa. Akija mwenyewe kuuliza, unamwambia halionekani, na wala hujamdanganya.

Alijisikia anavyolieleza jambo hilo kwa raha ya fundi anayeijua kazi yake, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

— Umejuaje yote hayo? aliuliza Mama Birika.

— Huyu aliyekalia kiti changu nilimfundisha mimi.

— Basi tumemaliza! Rufaa alipiga paja. Si unaingia mle kila siku? Fungua marehemu mmoja mmoja.

— Marehemu ni elfu nane, mwalimu. Na funguo za rafu ya nyuma anakaa nazo yeye.

Mwanamke wa mwisho wa benchi aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Kumbe kabla ya huyu wa sasa, mkuu wa masjala ulikuwa wewe?

— Ni mimi.

— Miaka mingapi?

— Kumi na mmoja.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu.

— Mama yangu alikuwa mkunga. Alibishana na bosi wake kuhusu mgonjwa aliyeachwa bila huduma, wakamshusha cheo, wakamfanya mfagizi wa wodi ile ile. Alilalamika, akasikilizwa, ikaamuliwa arudishwe. Akawa anakuja hapo kwenu kila Ijumaa, miaka miwili, miguu imevimba. Likizo za shule nilikuwa namsindikiza, nambakia getini. Alikuwa anakusifia sana, baba. Alisema yule bwana ana adabu, ananipa kiti, ananiambia pole mama, faili halionekani, ila tunalitafuta.

Fotokopi alimrudishia karatasi zake, naye akazipanga ndani ya bahasha.

— Alifariki mfagizi. Hata barua ya rambirambi waliandika hivyo. Mimi sidai kitu, nafuatilia waiandike upya, waseme alikuwa mkunga. Leo nimeambiwa halionekani.

Mkuu alimkumbuka. Aliikumbuka miguu ile, na viatu vilivyokanyagwa kisigino. Aliikumbuka na simu iliyotoka juu, sauti ya mtu anayetafuna kitu: hilo la mkunga lipumzike kwanza. Hakuuliza kwa nini. Alisimama tu, akaenda rafu ya nyuma, kisha akarudi kumalizia chai yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kusema alitumwa, lakini aliona hata yule aliyemfichia lake leo ametumwa vile vile.

— Sikuja kugombana, baba, alisema yule mwanamke, na kweli hakukuwa na ugomvi kwenye sauti yake. Naomba uniambie kitu kimoja tu, nikawaambie wakaangalie. La mama uliliweka kwa marehemu yupi?

Rufaa alitazama chini. Fotokopi alirudisha kichwa ndani. Mkuu alianza kuzipitia rafu zile akilini, moja baada ya nyingine, majina, kamba, vumbi. Yalikuwa mengi aliyoyapumzisha, na kazi ya namna hiyo haiandikwi mahali popote.

Mwanamke alikuwa ameshatoa kalamu, karatasi iko gotini, anasubiri jina. Mkuu hakulikumbuka.