Mama Ratiba na Mstari wa Njano: Wasifu wa Dada Yetu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ratiba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama muuguzi. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wao, mkataji wa ngozi katika kiwanda kile kile cha viatu alichokitumikia.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa viwandani, na mwaka 1980 akaajiriwa kiwandani kuwa karani wa oda. Tarehe 8 Septemba 1984 aliolewa na fundi umeme wa kiwanda, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Ratiba ya harusi aliipanga mwenyewe. Ilianza dakika ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, na nusu ya wageni walikuta keki imeshakatwa, akiwemo mjomba aliyepaswa kutoa hotuba.

Ikafika miaka viatu vya shule vikawa vinatoka shule zimeshafunguliwa. Wateja wakatukimbia. Januari 2008 mkurugenzi akatangaza kwamba tukichelewa tena, kiwanda kinafungwa, na watu mia moja na arobaini tunarudi nyumbani. Dada alikuwa akisomea shahada ya uzamili jioni, akaomba utafiti wake aufanye palepale. Majuma sita alizunguka na kigoda, daftari na saa ya kupimia muda. Akagundua kwamba kila jozi ilikaa kiwandani siku kumi na tisa, lakini mikononi mwa mafundi haikuzidi saa mbili. Muda uliobaki ilikuwa inasubiri mashine moja tu, ya kubandika soli, huku sisi wakataji tukirundika ngozi mpaka mlango wa choo.

Akachora mstari wa njano sakafuni. Rundo likifika hapo, wakataji tuzime mashine mpaka ya soli ilipunguze, na tukate zilizoagizwa tu.

“Mashine kusimama ni hasara!” mkurugenzi akafoka.

“Ya soli ndiyo isisimame, bosi. Hizi nyingine zinakimbilia wapi?”

Akapewa msimu mmoja. Nakiri mbele yenu kwamba aliyemhujumu ni mimi. Nilijivunia kuwa mashine yangu haijawahi kulala, basi nikawa nakata ngozi kwa siri na kuzificha chini ya ngazi. Alipozikuta hakunichongea. Alinivuta pembeni.

“Mdogo wangu, umekata saizi ambazo hakuna aliyeagiza, na ngozi ya walioagiza imekwisha. Zima, ukae.”

Nilimnunia siku tatu. Lakini nilizima.

Msimu ule viatu vilitoka siku sita kabla ya shule kufunguliwa! Tulimbeba juujuu kuanzia stoo hadi getini, na hakuna hata mmoja wetu aliyepoteza kazi. Mwaka 2009 alitunukiwa shahada yake, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Hadi anastaafu mwaka 2018, oda ya shule haikuchelewa tena.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Hata kliniki hakunyamaza: “Mwanangu,” alimwambia muuguzi, “watu wote hawa wanasubiri meza moja ya faili. Wekeni ya pili.” Ikawekwa. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne, na kiwanda kinachofanya kazi. Leo saa nne kimesimama kwa ajili yake, hata mashine ya soli. Ya kukatia nimeizima mwenyewe, safari hii bila kununa.

Pumzika, dada. Kazi yako ilitoka kwa wakati.