Maili Moja na Robo ya Avril Thackray

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama uko jikoni, punguza moto chini ya birika, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Avril Thackray wa Skelby, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka themanini. Avril mpeleka barua. Avril wa njia ya baiskeli. Wengi mlimjua kwa koti lake la mvua la njano, na kwa ulimi wake, ambao haukuwa na breki.

Avril alizaliwa mwaka 1944, nyumba ya tatu kutoka stesheni yetu ya zamani. Baba yake alikuwa fundi wa reli. Mwaka 1965 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa, miiba ikaota mpaka kimo cha mtu. Avril akapata kazi posta. Alipeleka barua mashambani kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja.

Milima yetu mnaijua. Ukitoka Skelby kwenda Harrowthwaite kwa barabara, unapanda mpaka mapafu yanaomba likizo. Halafu unashuka huku malori ya machimbo ya mawe yanakupumulia kisogoni. Mwaka 1991, kwenye barabara hiyohiyo, mdogo wake Avril, Colin, aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli. Alifia palepale, na alikuwa na miaka arobaini na miwili tu.

Binti yake Avril, Gillian, anakumbuka yaliyofuata. "Theluji ilipoyeyuka nilimwona mama anatoka na mundu. Nikamuuliza, mama, unakwenda wapi na hicho? Akasema, 'Nakwenda kutafuta njia ambayo lori haliingii.' Nikadhani msiba umempanda kichwani."

Msiba haukuwa umempanda kichwani. Treni, wasikilizaji wapendwa, haipandi mlima kama mbuzi. Waliojenga ile reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakatoboa handaki, ili treni ipite bila kuhema. Kwa hiyo baiskeli nayo inapita bila kuhema. Avril alifyeka. Wakaja wenzake wawili, wakaja ishirini, wakamfanya mwenyekiti wao. Miaka ikapita, ikapatikana njia ya maili kumi na moja katikati ya milima, bila gari hata moja.

Lakini katikati palikuwa na pengo. Maili moja na robo. Kipande hicho kilikuwa mali ya Wilf Ibbotson wa shamba la Gill Top, na Wilf alisema hapana. Alisema hapana miaka kumi na miwili. Narudia: maili moja na robo. Hapo kila mwendesha baiskeli alilazimika kuiacha njia na kuingia barabarani, kwenye malori, mahali palepale alipofia Colin.

Mwaka 2006 Wilf akalegea. Akatoa ruhusa ya mwaka mmoja, kwa majaribio, na sharti moja. "Geti ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, pita kisha ulifunge. Usinisaidie kufikiri." Avril mwenyewe aliandika vibao vyenye maneno hayo na kuvipigilia misumari.

Julai ile jua liliwaka kama limekosewa. Wilf alikuwa ameacha geti la malisho ya juu wazi, kondoo washuke wenyewe kwenye maji, naye akaenda kwenye maonyesho ya mifugo siku mbili. Aliporudi alikuta geti limefungwa. Kondoo sita walikuwa wamekufa kwa kiu. Siku hiyohiyo akafunga njia kwa mnyororo na kufuli.

Bonde zima lilimjua mkosaji. Ni wale wa mjini! Wale wa nguo za kubana na miwani ya nzi! Hata redio hii, tuseme ukweli, iliwasema vibaya. Tuliwaomba radhi wakati ule, na leo tunawaomba tena.

Maana aliyefunga geti alikuwa Avril. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila mkulima alimwambia mpeleka barua, funga geti nyuma yako. Alipita pale Alhamisi akiwaza mengine, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Alikumbuka aliposikia habari ya kondoo.

Gillian anasema mama yake alikaa mezani mpaka chai ikapoa. "Nilimwambia, mama, nyamaza. Hakuna aliyekuona. Ukisema, Wilf atauliza, kama mwenyekiti mwenyewe haaminiki, nani ataaminika? Njia itakufa, na watu watarudi kwenye malori. Akanitazama. Akasema, 'Sasa wale watu wa mjini wanibebee kondoo wangu?' Akachukua baiskeli yake akaenda."

Yaliyotokea Gill Top tumesimuliwa na Wilf mwenyewe.

"Wilf, ni mimi," Avril alisema. "Geti nililifunga mimi."

"Wewe? Wewe uliyepigilia vibao?"

"Mimi."

"Akili yako ilikuwa wapi, binti?" Binti huyo alikuwa na miaka sitini na miwili.

"Sijui ilikuwa wapi. Nimekuja kusema, na kuomba msamaha. Ukitaka kufunga, funga kwa sababu yangu, si kwa sababu ya wageni."

Mkewe Wilf, Nora, alikuwa kwenye jiko. "Wilf, mpe mtu kiti kwanza, ndipo umle."

Wilf akamsogezea kiti. Anasema hasira ilikuwa imemfika hapa, akatuonyesha koo. Halafu akamwambia Avril, "Kondoo hawarudi. Lakini maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuupanda mlima huu kuniletea kosa ambalo nisingelijua. Nitafungua mpaka Machi. Machi uje uniombe tena. Uje mwenyewe. Usinitumie barua, zako nimeshapokea za kutosha."

Ikawa ndivyo. Jumamosi ya kwanza ya kila Machi, Avril alipanda Gill Top na keki ya matunda makavu na kipande cha jibini. Wilf alilalamika kuhusu mbwa, kuhusu kengele, kuhusu mtu aliyeimba akipita shambani. Kisha alisema, "Nitafikiria." Jumatatu kadi ilikuwa imebandikwa getini: mwaka mmoja. Mwaka wa ule ugonjwa wa kufungiana majumbani, Avril alisimama nje ya dirisha, keki juu ya ukuta wa mawe, wakapigiana kelele kupitia kioo.

Sisi tuliona mchezo wa wazee. Avril hakucheza. Kila Februari alikonda. Alioka keki mbili, endapo moja itaharibika. Alijua kwamba Wilf akisema hapana mara moja tu, watu watarudi barabarani.

Na ni watu wangapi waliopita, wasikilizaji wapendwa! Watoto wa Harrowthwaite waliokwenda shule bila mama zao kukaa roho juu. Wasafiri wenye mikoba ya hema pande zote mbili, wamelowa, wamefurahi. Bibi mmoja wa Skelby aliyejifunza baiskeli akiwa na miaka hamsini na minane, na hajashuka tangu hapo. Barua zao za shukrani zimejaa hapa studio, na wengi wanaandika neno moja tu: asante.

Januari hii Avril aliugua. Gillian alikuwa kando ya kitanda. "Mama alisema, 'Machi imekaribia. Nenda wewe. Usimpelekee keki kavu. Na usibishane naye habari ya mbwa.' Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema akaeleweka."

Tulimzika Jumamosi. Baada ya maziko tukanywa chai katika ukumbi wa kanisa. Wilf, mwenye miaka themanini na minne sasa, akaja na bahasha akampa Gillian. Gillian alidhani ni kadi ya rambirambi. Ilikuwa karatasi ya wakili. Inasema kwamba njia ipitayo Gill Top ni ya watu wote, daima, na mrithi yeyote hana ruhusa ya kuifunga. Imetiwa sahihi, ina mashahidi. Gillian akatazama tarehe.

"Aprili 2013? Wilf, hii ni karibu miaka kumi na miwili!"

"Kuhesabu najua."

"Mama amekuja kukuomba mara kumi na moja kitu ambacho ulishakitoa?"

Wilf akaizungusha kofia yake mikononi. "Nora alikufa Februari ile. Machi mama yako akaja kama kawaida. Akakaa mpaka jioni, hakutaja njia. Mwezi uliofuata nikaenda kwa wakili, nikatia sahihi. Halafu nikaiweka kwenye droo. Nilifikiri, nikimpa karatasi hii, hatakuwa na sababu ya kuja."

"Alikuwa anaogopa, Wilf. Kila mwaka alikuwa anaogopa."

"Na mimi. Nilikuwa naogopa kwamba hatakuja."

Gillian alilia, akacheka, akamshika mzee mkono. "Angekuja tu, mjinga wewe. Angekuja hata kama njia isingekuwepo."

Jumatatu karatasi ilifikishwa halmashauri. Maili moja na robo ni yenu nyote sasa, nyinyi na watakaokuja baada yenu.

Kwa Gillian na familia yote ya Thackray, poleni sana, na tunawashukuru kwa kutugawia mama yenu miaka yote hii. Kwa Wilf, pole nawe. Na wewe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Kama kuna mtu unayependa aje kwako, usimtafutie sababu ya kuja. Mpigie simu leo umwambie unataka aje. Mimi nitapiga yangu mara nitakapozima kipaza sauti hiki.