Maman Colombe na Ukuta wa Chini

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, kwa niaba ya familia tunawasomea safari ya dada yetu, Maman Colombe Nsimire, msanifu wa viwanja na kumbi za michezo.

Alizaliwa Luberizi tarehe 9 Aprili 1975, katika tambarare ya Ruzizi, ambako mpira ukipigwa unatembea polepole kando ya mashamba ya mpunga na kusimama wenyewe, naye alifikiri dunia nzima iko hivyo. Mwaka 1983 wazazi walihamia Bagira, hapa Bukavu, akaingia darasa la pili, na huku akakuta mpira unaokimbilia bondeni, ndiyo maana watoto humweka mmoja wao chini ya mteremko ili audake, na kwa kuwa alikuwa mgeni, wakamweka yeye. Alisimama pale msimu mzima wa mvua, ukungu ukipanda kutoka ziwani hadi asiwaone wenzake, akisikia vicheko tu, na kichwani akaanza kujenga kuta.

Alipata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mwaka 1993, akasomea usanifu wa majengo Kinshasa, akarudi Septemba 2003 na kufungua ofisi Nyawera, juu ya duka la vitenge. Kabla ya kuchora alikuwa anabeba kiti chake na kukaa uwanjani tangu asubuhi, akitazama watoto wanapenda kukimbilia wapi, wanapumzika wapi, jua linawachoma macho upande gani, hata wenye haraka wakasema anaota, na kweli alikuwa anaota, penseli mkononi.

Tarehe 16 Julai 2005 alifunga ndoa na Papa Cyprien Murhula, mwalimu, wakajaliwa Gloire mwaka 2007 na Guy mwaka 2010.

Mwaka 2022 alipewa kazi ya kiwanja kilekile cha Bagira alikodakia mipira utotoni, lakini saruji ilitosha kitu kimoja tu, jukwaa la wageni au ukuta wa chini ya mteremko wa kuzuia mipira, na kamati ya kiwanja ilitaka jukwaa. Kufikia Machi 2024 figo zake zilikuwa zimechoka, akabebwa kwenye kiti hadi mkutanoni, na mwenyekiti, Tonton Firmin, alipomwuliza, Maman architecte, wakubwa watakaa wapi, alimjibu taratibu kwamba watakaa kwenye majani, kisha akamwomba ashuke adake mipira hadi jioni. Watu walicheka, Tonton pia, akavua koti, akashuka, na aliporudi na matope magotini alisema jukwaa lingoje.

Ukuta ulimalizika tarehe 22 Juni 2024, Maman Colombe akakaa juu ya mteremko, watoto wakacheza wote, hakuna aliyewekwa chini. Alituaga alfajiri ya tarehe 11 Septemba, usingizini, mkono wake ukiwa katika mkono wa Papa Cyprien.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, wenzake wa ofisini, na mafundi waliobeba jeneza lake. Tunajua kwamba kwetu msiba ukiingia mtaani watoto hukatazwa mpira, lakini Papa Cyprien anaomba leo wasikatazwe, na makelele yao yakitufikia hapa kaburini, tuyaache yapite juu yetu.

Pumzika kwa amani, Colombe, wanacheza.