Tangazo Litangulie Tanzia

Sogeeni, wanangu. Kitinda mimba, funga mlango, na mama yenu apewe kiti cha dirishani, maana nitakayosema hayapendezi na sitaki ayasikie akiwa wima. Msinikatize. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, si ya kubishania.

Nyumba hii ni ya mama yenu maisha yake yote, kisha ni yenu kwa mafungu sawa. Vitabu vyangu apewe kitinda mimba, kwa sababu ndiye peke yake anayerudisha kitabu mahali alipokitoa. Kiti changu cha mhariri mkuu wa jarida la utafiti hakimo katika mirathi. Najua kifungua mimba amekwisha kukipima makalio, na wenzake chuoni wanamwita Mhariri kwa utani usio utani. Lakini kile si kigoda cha babu. Bodi itamchagua mtu, na mtu huyo hatakuwa wewe, mwanangu. Usiangalie sakafu. Niangalie mimi.

Wengine hamjui kisa hiki, kwa hiyo nakieleza mbele yake. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya sekondari alituletea makala juu ya kikohozi cha wachoma matofali. Kama ilivyo desturi, tuliiondolea jina na kumpa mhakiki, yaani msomaji anayetushauri kama makala inafaa kuchapwa. Mhakiki alikuwa huyu kaka yenu. Akajibu: "Hoja ni changa, mwandishi arudi darasani." Tukaikataa. Kisha nikaugua, na nilipokuwa hospitalini nimechomekwa mirija kila mahali, jarida letu likatoa makala juu ya wachoma matofali walewale na kikohozi kilekile, na juu yake limekaa jina la mwanangu.

Mnajua utaratibu wangu. Kabla ya kuchapwa, kila mwandishi huja ofisini, hukaa mbele ya meza yangu bila karatasi, akanisimulia alivyoipata kazi yake: alimuuliza nani, nani alimfukuza, mahali pale palinukaje. Msomi mmoja aliwahi kuniambia huo ni ushamba. Makamu wangu alimsamehe kaka yenu mahojiano hayo. "Huyu mtoto wa nyumbani," alisema, "tumhoji nini?" Kikulacho ki nguoni mwako. Makamu anajitetea kwamba aliipitisha makala kwenye ile programu ya kompyuta inayolinganisha maandishi, ikatoka safi. Ni kweli. Kaka yenu alibadilisha neno kwa neno, kama mtu anayepaka rangi baiskeli ya wizi. Mashine hulinganisha maneno. Haijui nani alikaa moshini.

Niliporudi nyumbani nikaisoma, nikamwita hapa kitandani. Nikamuuliza, "Yule mzee uliyemnukuu, aliyesema tofali na pafu huiva pamoja, alikuambia akiwa wapi?"

"Tanurini, Baba."

"Amekaa au amesimama?"

"Amesimama, anapanga matofali."

Nikamwita na Mwalimu, nikamuuliza vilevile. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la ajabu. "Alikuwa amelala, Mzee. Miguu haimbebi siku nyingi. Ni baba yangu."

Mama watoto, usilie bado.

Kifungua mimba alinipigia magoti. Akasema cheo chake chuoni kinategemea makala hiyo, na watoto wake wanasoma kwa cheo hicho. Akasema, "Baba, unataka kunizika kabla sijakuzika?" Sijapata neno zito kuliko hilo tangu nizaliwe. Makamu naye akaja na suluhu yake: tuandike kwamba wawili hawa walifanya utafiti sambamba, lawama igawanywe. Nikakumbuka shule ya mkoloni niliyosoma, ambako akikamatwa mtoto amenakili, alichapwa yeye na yule aliyenakiliwa, viboko sawa, kwa kuwa mwalimu hakuwa na muda wa kuuliza. Nilichapwa kwa majibu yangu mwenyewe. Uhariri wangu wote umekuwa kukataa fimbo ile, na sitaiokota leo kwa kuwa aliyenakili ni damu yangu.

Basi shikeni haya. Tangazo la kubatilisha makala nimekwisha kulisaini. Litoke kabla ya tanzia yangu. Nikifa kwanza watu watasema, wafiwa waachwe, na msiba wangu utakuwa shuka la kufunikia wizi. Makala isifutwe, iachwe mahali pake, iandikwe juu yake kwamba imebatilishwa, na sababu, na jina la aliyeandika, kwa kirefu, bila kuficha ukoo. Ya Mwalimu ichapwe, na tarehe aliyotuletea ionekane. Mhakiki asikae tena na makala ya mwenziwe asiyoitolea kiapo kwamba hataichukua. Na asihojiwe mgeni tu. Mtoto wa nyumbani ahojiwe kwanza. Wala nisisikie mtu anasema "yule dada". Ni Mwalimu.

Nawe, mwanangu... nipeni maji. Hapo, yatosha. Nawe, mwanangu, sikukatai. Jina lako nililichagua mimi, ndiyo maana nalitaka safi, hata likisuguliwa kwa mchanga. Siku tangazo litakapotoka, nenda kwa yule mzee kitandani mwake, umsomee makala ya binti yake, yote, kwa sauti yako. Atakapokohoa, subiri. Hutajua ulichochukua mpaka umesikia kikohozi kile.

Mola awalinde, wanangu. Awape mikono yenye kazi na... na ndimi zisizoazima. Mama yenu asiachwe peke yake jioni.

Nani anabisha hodi? Nilimwambia aje leo. Ni Mwalimu. Mfungulieni.

Kifungua mimba... inuka. Mpishe kiti.