Mbuzi Aliyekula Mhuri wa Serikali

Mama na tata, akina baba, mlioketi hapa, na ninyi wenzangu wakubwa wa nyumba mnaolea wadogo zenu bila wazazi, nawasalimu. Nafasi hii ya mbele nimeikwepa miezi mingi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mmoja wetu anasimama kueleza alivyoanguka na alivyoinuka, na kila mara mimi nilijifanya nina kazi ya kupanga viti. Leo nimekuta viti vimeshapangwa. Nimeelewa. Basi nitasema, ila majina ya watu nitayaacha, maana wengine bado tunakutana nao sokoni.

Mnanijua. Baba alifunikwa na udongo machimboni, na mama akamfuata kwa ugonjwa. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu, wote wasichana. Niliacha kalamu nikaanza kubeba mifuko ya mawe ya watu wengine, mpaka siku shirika moja la msaada, la watu wa ng'ambo, lilipofungua nyumba mtaani kwetu hapa Kolwezi. Lilikuwa linawalipia shule watoto wa wachimbaji. Nikapata kazi ya usentineli, ulinzi wa getini, na wadogo zangu wakaingia kwenye orodha ya kulipiwa. Karatasi za kila mtoto, cheti cha kuzaliwa na buletini za shule zenye alama zake, zile zenyewe na si nakala, zilitunzwa mle ndani, kila mtoto na faili lake. Walisema majumbani mwetu zinaliwa na panya. Ni kweli.

Kisha Serikali ikaanza kuuliza maswali. Kibali cha shirika kutoka Kinshasa kilikuwa kimefika mwisho, na hakuna aliyekifanya upya. Tena wazungu wa shirika walikuwa wamepiga picha machimboni: zilikwenda wapi, na nani aliziomba? Ndugu zangu, siwezi kusimama hapa niseme Serikali ilikosea kuuliza. Mtu akija kukulishia watoto, una haki ya kumuuliza yeye ni nani. Wala siwezi kusema wale wazungu walikuwa wezi. Nilivyowaona mimi, walikuwa wazembe wa karatasi.

Siku moja tume ya Serikali ikaja. Wakahesabu mafaili yote kwa sauti, wakaandika orodha, wakachukua funguo kwa sekretari, wakafunga. Halafu wakabandika kwenye mlango karatasi nyeupe yenye mhuri wa duara, nusu juu ya ubao wa mlango, nusu juu ya fremu, ili mlango usifunguke bila kuipasua. Ndiyo tunayoiita sele. Mama mwenye miwani aliyeongoza tume akanigeukia.

"We sentineli, hii karatasi ikipasuka, ni we tutauliza."

"Ndiyo, mama."

Wazungu wakapanda ndege kwenda kutafuta vibali, wakasema wiki mbili. Sekretari akapata kazi kwingine. Mpishi akaenda kwao Sandoa. Nikabaki mimi na karatasi.

Wiki mbili zikawa miezi. Mshahara ulikatika. Niliwapandisha wadogo zangu treni wakakae kwa shangazi kule Kasaji, maana huko angalau kuna shamba. Mtaani watu walianza kunipita mbali. Wengine walisema ninalinda dola, wengine walisema wazungu wameniacha niwe jicho lao. Ng'ambo ya barabara alikaa tata mmoja mfanyabiashara mwenye lori, Mwislamu, ukoo wao ulitoka upande wa Maniema. Zamani kila asubuhi alinisalimu. Naye akanyamaza. Akawa anaketi getini kwake na chupa yake ya chai, ananitazama tu. Siku nyingine neno langu la kwanza lilitoka jua likiwa limeshainama, nalo lilikuwa "Toka!" kwa mbuzi wake, dume moja kubwa ambalo watoto waliliita Kapita, yaani msimamizi, kwa sababu lilipita kila ua kama linakagua kazi za watu.

Mvua zikaanza. Mvua ya hapa mnaijua, haishuki, inarushwa. Nilipigilia plastiki juu ya mlango, upepo ukaichukua. Basi ikinyesha nilisimama pale na mwamvuli. Msidhani nilijifunika mimi. Nilifunika karatasi, na mgongo wangu ukalowa. Nilijiambia ile sele ikiwa nzima, nyumba itafunguliwa, na wadogo zangu watarudi.

Ndipo mdogo wangu wa kwanza akanipigia simu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule ya Kasaji ilitaka buletini zake na cheti chake, vile vyenyewe, ili aandikwe kwenye orodha ya mtihani wa Serikali. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Nilikwenda ofisi ya tume mara mbili. Mara zote nikaambiwa mwenye ruhusa amesafiri, nisubiri.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyenisukuma. Sekretari alitoa funguo zake, lakini mimi nilikuwa na ufunguo wangu, wa kufungulia mafundi asubuhi. Siku ile tume ilipofunga hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Jumanne adhuhuri, mvua kubwa, barabara tupu. Nilichemsha maji, nikaiinamisha birika karibu na fremu, mvuke ukapiga. Karatasi ikabanduka nzima, kama utando wa maziwa.

Ndani viti vilikuwa vimepangwa vilevile. Saa ya ukutani ilikuwa bado inatembea. Nikasema kwa sauti, "Bonjour." Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kusalimu mtu. Niliketi kidogo kwenye kiti cha wageni. Kisha nikachukua faili la mdogo wangu, hilo moja, nikatoka. Gundi sikuwa nayo, kwa hiyo nilipika uji mzito wa unga wa muhogo, ule tuliotumia shuleni kubandikia madaftari, nikairudisha sele mahali pake. Ilikaa vizuri kuliko mwanzo. Nilijisifu, niwaambie kweli. Faili lilifika Kasaji kwa pikipiki ya mchuuzi, na Ijumaa mdogo wangu akaandikwa.

Jumamosi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta Kapita amepanda ngazi, kwato mbili mlangoni. Alishaulamba uji wote, sasa alikuwa anatafuna karatasi. Nusu ya mhuri ilikuwa mlangoni. Nusu nyingine ilikuwa inashuka kooni mwake, na ananitazama bila haraka.

Sentineli wa nyumba ya jirani aliona kilichobaki, akacheka mpaka akakaa chini.

"Sema ni mvua," akanishauri. "Ao sema ni mbuzi. Mbuzi hawezi kukubishia."

Na kweli, mbuzi alikula! Hapo ndipo palipokuwa na mtego wangu. Ningesema nusu ya ukweli na hakuna ambaye angenikamata kwa uongo. Lakini kulikuwa na ile orodha. Tume ilikuwa imetangaza kwamba Jumatatu, siku tisa mbele, itafungua nyumba mbele ya mwanasheria wa shirika na kuhesabu tena. Wangekuta sele imeharibika na faili moja halipo. Wangesema wazungu wametuma mtu kuiba ushahidi. Nyumba ingefungwa kabisa, na karatasi za watoto wote zingebaki mle kwa sababu ya uongo wangu. Nikisema, naingia gerezani, na labda mdogo wangu anafutwa. Wiki nzima sikupika hata bukari, ugali wetu.

Ijumaa nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza yote.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "batanifuta ku orodha?"

"Sijui."

Nikasikia kuku wa shangazi nyuma yake.

"Enda tu useme. Mi nitarudia mwaka." Kisha akaongeza, "Lakini Yaya, leo umekula?"

Hapo ndipo nilipogeuka, wapendwa. Tangu nyumba ile ifungwe hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa tume kabla hawajafungua. Mama mwenye miwani akanitazama.

"We sentineli, unatafuta nini mapema hivi? Leo hata si siku ya kupokea bantu."

"Mama, nimekuja juu ya sele. Mbuzi amekula."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Karani mmoja akauliza, "Mbuzi wa opozisyo ao wa Serikali?"

"Ni mbuzi wa jirani," nikajibu, wakacheka zaidi.

"Na juu ya nini mbuzi akule karatasi?" mama akauliza.

"Juu niliipaka uji wa muhogo."

Kicheko kikakatika. Nikasema yote: ufunguo, birika, faili, Kasaji.

"Nani alikutuma? Bale bazungu?"

"Hakuna, mama. Ni mi mwenyewe."

"Unafikiri tuko batoto hapa?"

Walinifungia mpaka Jumatatu. Sikupigwa, nisije nikawasingizia. Lakini kila mfungwa aliletewa chakula na ndugu zake, na mimi hakuna aliyejua niko wapi. Mzee mmoja wa mle ndani alinimegea mkate wake. Nilikaa nikijiuliza: nikifia hapa, nani atakayesema kwamba nilikuwepo?

Jumatatu wakanipeleka mtaani kwenye gari lao. Watu wamejaa, mwanasheria amefika, mama mwenye miwani amesimama mbele ya ile nusu ya mhuri. Ndipo yule tata wa ng'ambo ya barabara akaja, kofia kichwani, anamburuta Kapita kwa kamba.

"Mama, mbuzi ni wangu. Kosa ya mbuzi ni yangu."

"Na huyu kijana?"

"Huyu nilikuwa ninamuchunga tangu siku mulifunga. Nilifikiri ni mpelelezi. Nikasema, siku bitu bitaanza kutoka mu ile nyumba, nitakuja kubaambia."

"Basi?"

"Basi hakuna muntu aliingia. Siku moja tu, saa ya mvua, aliingia mikono mitupu, akatoka na faili moja chini ya shati. Moja, mama. Nilikuwa ninakuja kusema, lakini nikaona amerudi kusimama pale na mwamvuli yake juu ya karatasi, yeye analowa. Kwanza nilicheka. Kisha sikucheka tena."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na pingu, nikaanza kulia kama mtoto. Miezi yote ile nilidhani niko peke yangu. Kumbe kuna mtu alihesabu siku zangu zote, ingawa kwa ubaya.

Wakafungua, wakahesabu. Mafaili yote yalikuwepo isipokuwa moja. Mama mwenye miwani aliandika maelezo yangu na ya yule tata, akanifungua pingu, akaamuru faili lirudi ndani ya wiki. Mdogo wangu akalileta mwenyewe kwa treni, akaliweka mezani mbele ya tume. Yule mama alilipokea, akapitia buletini moja moja, akasema tu, "Hesabu yako ni nzuri. Usiiharibu." Hakumfuta. Mdogo wangu alifaulu mtihani ule, na sasa anafundisha watoto wadogo Kasaji.

Shirika lilipewa muda, likaleta vibali vyake. Limefunguliwa tena, dogo kuliko zamani, na kamati ya watu wa hapa ndiyo inayoliongoza. Mimi halikunirudisha. Barua yao ilikuwa ya adabu: walinishukuru kwa kusema kweli, kisha wakaeleza kwamba aliyevunja sele hawezi kuwa mlinzi. Iliniuma, na usiku mwingine bado inaniuma. Lakini siwezi kusema wamekosea.

Nani alinipa kazi? Yule tata. Napakia lori lake, tunakwenda Kasaji, tunarudi. Namshukuru yeye, namshukuru mama mwenye miwani aliyesikiliza mpaka mwisho, namshukuru mzee wa mkate, na zaidi mdogo wangu aliyeniuliza kama nimekula. Na kama nina neno la kuwaachia ni hili: ukiwa na kosa, lipeleke zima, tena kabla hawajaja kulitafuta. Nusu yake itakurudia. Na ukipita penye mtu anayekaa peke yake getini, msalimie, hata kama unamshuku.

Sikukuu ya Waislamu iliyopita yule tata alimchinja Kapita. Nikaletewa mguu mzima, umefungwa kwenye jani, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni.

"Alikula karatasi yako," akasema. "Sasa we umukule yeye."

Wadogo zangu walikuwa wamekuja kusherehekea nami. Tulikula sote wanne, na tata tulimvutia kiti.