Historia ya Harriet Mukunde, Fundi wa Oili ya Ndege

Mchungaji, shemeji yangu Ambrose, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofika hapa makaburini Rusororo mchana huu wa leo, mukomere, jipeni moyo. Naitwa Norman Mutsinzi, mdogo wake marehemu, mtoto wa pili na wa mwisho kwa mama yetu, na nimepewa karatasi hii niisome kwa Kiswahili kwa sababu sisi tulilelewa Tanzania, na kwa sababu wenzake wengi wa kazini wametoka Tanzania na Kenya, na hiyo ndiyo lugha aliyokuwa akiwagombezea. Karatasi yenyewe aliiandika Harriet mwezi wa tisa, kwa mkono wake, kila tukio na tarehe yake, maana hakuamini kwamba sisi wengine tungezikumbuka, na kusema kweli tusingezikumbuka. Chini kabisa ameandika kwamba msomaji awe mimi. Sijui aliwaza nini, naomba mnivumilie nikikwama.

Harriet Mukunde alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kayanga, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, mtoto wa kwanza wa mzee Karangwa, aliyekuwa fundi wa baiskeli, na wa mama yetu Umuhoza, aliyekuwa mkulima. Mimi nilimfuata mwaka 1989, nikamkuta tayari ana uzoefu wa kutosha wa kupaka grisi beringi za baiskeli, na nguo zake zote zina madoa, na mama amekwisha kata tamaa ya kumvisha gauni jeupe hata siku ya Krismasi. Baba alifariki tarehe 17 Mei 1992, naye Harriet akiwa na miaka kumi na moja akaendelea kuziba pancha za wateja hadi vifaa vilipouzwa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kayanga kuanzia 1989 hadi 1995, tukarudi Rwanda tarehe 12 Januari 1996, tukapanga chumba Nyakabanda, akaingia shule ya ufundi hapa Kigali na kumaliza mwaka 2002. Katikati ya masomo hayo, tarehe 2 Septemba 2001, mama naye akatutoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kuanzia siku hiyo aliyenifulia, aliyenichapa, aliyesaini ripoti zangu za shule na aliyejua kwamba siwezi kulala bila taa alikuwa ni Harriet, msichana wa miaka ishirini. Alipokwenda Nairobi kusomea ufundi wa injini za ndege, kuanzia 2003 hadi 2006, aliniacha kwa shangazi, akawa anarudi kila likizo kwa basi la siku nzima na zaidi, na jambo la kwanza akishuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo lilikuwa kuniangalia kucha na masikio.

Tarehe 2 Aprili 2007 aliajiriwa katika karakana moja ya ndege kule Kanombe, na huko ndiko alikofanya kazi miaka kumi na minane, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa fundi wa mfumo wa oili. Hapa ameandika kwa herufi kubwa kwamba waombolezaji waelezwe kazi hiyo ni nini, kwa sababu alichoka kuulizwa kama anaendesha ndege au anagawa soda. Kwa hiyo nawaeleza. Ndani ya injini ya ndege mna mihimili inayozunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, imeegemea beringi, katika joto la kuunguza, na kinachozuia chuma kisile chuma ni oili, ambayo katika zile injini zake haizidi lita ishirini, yaani jerikeni moja kama ile tunayochotea maji. Oili hiyo hutoka kwenye tangi lake, pampu inaisukuma, inachujwa, inanyunyiziwa kwenye beringi na gia kupitia matundu membamba, halafu pampu nyingine zinaivuta irudi ikiwa ya moto na imejaa mapovu, hewa inatolewa, inapozwa na mafuta ya ndege yanayopita jirani yake katika mabomba yao, nayo mafuta yanafaidi lile joto yasijae barafu huko juu, kisha oili inarudi tangini na kuanza upya. Njiani inakutana na plagi yenye sumaku, na sumaku hiyo hunasa chembe yoyote ya chuma, basi fundi akiichomoa akakuta unga laini tu anashusha pumzi, akikuta kijipande chenye ncha anajua kuna beringi imeanza kuumwa, na ndege hairuki mpaka ijulikane ni ipi.

Kupima oili nako kuna saa yake. Injini ikizimwa unangoja dakika tano oili itulie, na zisipite thelathini, kwa sababu ikipoa hujificha katika sehemu za chini za injini, tangi linaonekana limepungua, fundi mgeni anaongeza, na anakuwa amejaza kupita kiasi. Shemeji Ambrose anazijua dakika hizo vizuri kuliko mafundi wengi, maana siku aliyompigia simu kutoka ofisini kwake Kacyiru, wizarani, kumwomba wafunge ndoa, alijibiwa, "Ambrose, nimebakiwa na dakika kumi na mbili, oili hainingoji, wewe utaningoja, nipigie baadaye." Alingoja. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 2010, kanisani Kacyiru, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cynthia Kayitesi, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2012, na Shami, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 2015. Walijenga Nyakabanda, si mbali na kile chumba chetu cha zamani, na chumba cha nyuma kilikuwa changu.

Mimi nilimfuata karakana mwaka 2013, nikapata leseni yangu 2016, na aliyenifundisha kazi ni yeye.

Sasa nimefika mwaka 2018. Karatasi inasema hivi, nasoma kama ilivyo, "Oktoba 2018, mdogo wangu Norman alihamia Nyabugogo kikazi." Ndugu zangu, huo ni uongo, na ni uongo pekee ninaoujua ulioandikwa na mkono wa Harriet, mwanamke ambaye hajawahi kusaini kitu ambacho hakukiona kwa macho yake, ameuandika akiwa mgonjwa, ili mimi nisione haya mbele yenu. Katika kazi yetu kosa kwenye kitabu cha ndege halifutwi wala halipakwi wino, linapigwa mstari mmoja ili lililokuwepo liendelee kusomeka, kisha pembeni unaandika lililo sahihi, tarehe na saini yako. Asubuhi hii nimepiga mstari huo, nikaandika lifuatalo.

Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 2018, nilikuwa zamu ya alfajiri, na kazi ilikuwa kubadilisha plagi za sumaku kwenye injini mbili za ndege moja. Kuna sheria kwamba fundi mmoja asifanye kazi ileile kwenye injini zote mbili katika zamu moja, kwa sababu akikosea, kosa linakwenda pande zote mbili na ndege inabaki haina pa kuegemea. Mwenzangu alichelewa, ndege ilikuwa inasubiriwa iruke, nikafanya kushoto nikafanya na kulia, naye alipofika akasaini upande wa kulia bila kuuona. Kila plagi inawekewa pete ndogo ya mpira inayozuia oili isivuje, sisi tunaiita oringi, na siku hiyo oringi zilikuja kando na plagi, katika pakiti yake, nikazitia mfukoni nisizipoteze, nikazisahau. Ningezikumbuka kama ningewasha injini na kuangalia uvujaji kama inavyotakiwa. Sikuwasha. Nilisaini kwamba nimewasha.

Nikarudi nyumbani, nikavua ovaroli, nikalala. Harriet alikuwa na mapumziko, akachukua ovaroli yangu aifue, akapekua mifuko kama alivyofanya tangu nikiwa darasa la pili, akatoa pakiti haijafunguliwa, oringi mbili ndani. Aliniamsha saa sita na dakika ishirini mchana, akaninyooshea kiganja chenye ile pakiti, na uso wangu ukamjibu. Alimpigia simu mkuu wa zamu, ndugu Sharif, ndege ikasimamishwa abiria wakiwa wamekwisha kaa na kufunga mikanda, plagi zikachomolewa, na hapakuwa na oringi kushoto wala kulia. Injini zile zingemwaga oili yote hewani, na injini isiyo na oili haina muda.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia, na mimi nikadhani yamekwisha. Alipokaa mezani kuandika taarifa nilimwomba aandike kwamba alikuwa na wasiwasi tu, kwamba pakiti ilionekana karakana, aandike lolote, ila jina langu na ile saini yangu ya uongo asivitaje. Nilimwomba kwa jina la mama. Alisema, "Norman, watu mia na kumi na mbili," akaendelea kuandika, machozi yanamdondokea kwenye karatasi mpaka ikabidi achukue nyingine. Nikamwambia mbele ya mumewe na watoto kwamba yeye si dada yangu, kwamba mama asingemtambua, nikachukua begi nikaondoka. Leseni ilichukuliwa, na kwa haki, na tangu wakati huo natengeneza injini za mabasi Nyabugogo, na kwa miaka saba sikukanyaga nyumbani kwake. Kila mwaka mpya alinitumia salamu na picha za watoto. Nilizisoma zote, sikujibu hata moja.

Mwezi wa pili mwaka huu alianza kuumwa tumbo na mgongo, akakonda, na tarehe 18 Machi madaktari wakagundua saratani ya kongosho, ikiwa imekwisha sambaa. Aliendelea kwenda kazini hadi Ijumaa tarehe 30 Mei, akipanda ngazi polepole huku akidai kwamba ngazi ndiyo mbovu. Mchungaji aliniomba kwa nia njema nimfananishe dada yangu na oili, inayofanya kazi bila kuonekana, na mimi nimekataa, kwa sababu yeye angecheka mpaka akohoe, na kwa sababu oili ikipungua tunaongeza.

Mwezi wa tisa jirani yake, Mama Claudette, alinifuata Nyabugogo kwa miguu yake, akanikuta chini ya basi, akainama akasema, "Wewe Norman, Harriet iko anaisha kabisa, wewe unangoja nini, kichwa ngumu wewe?" Nikamjibu nitakuja Jumapili. Jumapili ile ikapita, ikapita na nyingine, niliona haya, nikajiambia nitakuja nikiwa nimepata maneno, na mwisho nilifika hospitali tarehe 9 Novemba, Jumapili, saa tatu asubuhi, nikamkuta amelazwa usingizi kwa dawa, hafumbui macho. Nilikaa hadi saa kumi na moja jioni. Nilimwomba msamaha mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa lugha ya kitoto tuliyokuwa tukiongea Kayanga. Muuguzi aliniambia wagonjwa husikia. Lakini macho hayakufunguka, na mkono wake haukuubana wangu, na nayasema haya hadharani ili kesho mtu asije akaniletea faraja kwamba alinisikia. Sijui kama alinisikia, sitajua kamwe. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, mumewe akiwa amemshika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu na kumwambia ukweli alipouliza, kwa kuwa angewagundua wakimficha. Tunawashukuru majirani wa Nyakabanda na mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, walioleta viti, kuni na chakula siku zote tatu za ikiriyo, matanga yetu, na wewe Mama Claudette, uliyekwenda kuniita nikakuacha urudi peke yako, unisamehe. Tunawashukuru wenzake wa karakana mliokuja leo na ovaroli zenu, na ndugu Sharif, uliyepokea simu ya mwanamke aliyeko nyumbani kwake akifua, ukasimamisha ndege bila kuuliza maswali mawili. Cynthia, Shami, mjomba wenu alisema neno baya mbele yenu mkiwa wadogo, na leo nawaambia mbele ya watu wote hawa kwamba halikuwa kweli.

Dada, ulifanya sawa kuandika jina langu. Nililijua hilo jioni ileile, kabla sijafika Nyabugogo, nikakaa nalo miaka saba. Lala salama, Harriet, ulale kwa amani.