Mtaro wa Seremala

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa akisinzia ndani ya basi mpaka seremala wa kiti cha mbele alipoanza kulalamika. "Mvua ya juzi imenijaza maji uani hadi kizingitini, dada. Na mtaro nimechimba mwenyewe! Nimeweka pima maji kila hatua, kipovu katikati kabisa, haukuinama popote."

Aliyeambiwa, fundi bomba mwenye mfuko wa spana mapajani, aliangua kicheko. "Kaka, hilo bwawa! Mtaro lazima uinamie upande mmoja, la sivyo maji yaende wapi?"

"Kazi ya mkono wangu haiendi upande. Meza ikienda upande, mteja anairudisha."

"Kwani maji yanakuja kula?"

Muuguzi akacheka, usingizi kwaheri.

"Weka kijiwe chini ya ncha ya hiyo pima maji, kule unakotaka maji yaende," fundi bomba akashauri, "uchimbe mpaka kipovu kirudi katikati."

Basi likasimama, manyunyu yameanza. Seremala akageukia mlangoni. "Niinamishe mtaro, mimi? Afadhali niinue nyumba!"

Akashuka kwa madaha. Kupitia dirishani, muuguzi akamwona akitazama huku na huku, akainama, akaokota kijiwe na kukitia mfukoni.